Hori la Madam: Safari ya Kufundisha Uokoaji wa Mifugo Manga

Tangu nirudi Garsen, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: mtu wa Mto Tana alikwenda kuwafundisha nini watu wa milimani? Huko maji hayakai wiki nzima mashambani, ng'ombe hawaogelei, na mito mingi mtu huivuka bila kuvua viatu. Nimechoka kujibu nusu nusu barazani, kwa hiyo nimeandika yote mara moja, hatua kwa hatua. Habari za vibali na tikiti nimeziacha, maana hazina ladha kwa mtu yeyote.

Kwa asiyenijua, mimi si daktari wa mifugo. Shule niliiacha mapema. Ninachojua kuhusu kuokoa wanyama nimekipata majini, mafuriko baada ya mafuriko, na katika vitabu vya mifugo nilivyoazima na kuvisoma polepole, kamusi ikiwa pembeni. Shirika moja lililoona jinsi tunavyofundisha vikundi vya uokoaji vya vijiji vyetu liliniomba nifanye hivyo hivyo Nyamira na Kisii, ambako mvua kubwa hushusha udongo wa milima juu ya nyumba za watu. Nikakubali.

Garsen hadi Kisii mjini

Basi la kutoka Mombasa liliharibika kabla hatujafika Mtito Andei. Tulikaa kando ya barabara hadi fundi alipoletwa na pikipiki, akiwa na kifaa kisicho chenyewe, akarudi kufuata kingine. Mama aliyekaa kiti cha pembeni yangu alinigawia viazi vya kuchemsha na kuniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninakwenda kufundisha watu kuokoa ng'ombe na kuwatafutia hifadhi wakati wa maafa.

Alitafuna kidogo, kisha akasema, "Kwani watu wameshaokolewa wote?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na jibu langu halibadiliki. Mtu aliyekwisha kutoka kwenye hatari harudi kuchukua kabati. Hurudi kuchukua mnyama. Kwetu tumezika watu waliofia kwenye kamba ya mbuzi. Ukimtoa mnyama mapema, umemtoa na mwenyewe. Mama yule alisikiliza, akaniongezea kiazi, akasema kwao Nakuru ana mbwa ambaye asingemrudia hata kama angeungua, ila kuku angewarudia.

Kisii nilifika mvua ikinyesha, nikiwa na kanzu nyepesi ya joto la kwetu. Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Swaleh, mwenye duka la kamba, turubai na ndoo karibu na soko. Baba yake alikuja pale na biashara, mama yake ni Mgusii. Husalimu wateja kwa Ekegusii na kuhesabu kwa Kiswahili. Alinivika koti lake kabla hata hajaniuliza hali ya safari.

Asubuhi nilimwomba kamba za ng'ombe. Akanikatia kipande kifupi, cha kumfunga mnyama kwenye nguzo.

"Nataka ndefu zaidi," nikasema.

"Ndefu vipi?"

"Kama kutoka hapa hadi mlango wa msikiti."

Swaleh akawageukia wateja wake. "Jamani, huyu ndugu yetu anafunga ng'ombe au anafunga soko?"

Wakacheka, nami nikacheka. Kamba nilipewa, pamoja na mikanda mipana ya kufungia mizigo ya malori, ambayo ndiyo bora ya kumwinulia ng'ombe aliyetumbukia. Lakini sikuuliza kwa nini kamba za mji ule ni fupi. Ningeuliza, ningejua mapema kwamba ng'ombe wa huko wengi hawaendi popote.

Nyansiongo

Hatua ya kwanza ya mafunzo ilikuwa Nyansiongo, upande wa Borabu. Nchi imefunguka, mashamba ni makubwa tangu enzi za walowezi, na ng'ombe wa maziwa wanazunguka ndani ya nyua wakila majani. Barabara ya kuingia shambani ilikuwa tope tupu. Tuliikuta gari ya maziwa imezama, tukaisukuma, nasi tukazama pamoja nayo. Dereva alitushukuru kwa maziwa ya mgando, tukayanywa tukiwa tumesimama, tope hadi magotini.

Wanafunzi wangu walikuwa waendesha bodaboda, wazee wa mtaa na kina mama wa chama cha maziwa. Niliwafundisha ninayofundisha kila mahali. Usimkimbilie mnyama aliyeshtuka. Tazama masikio yake kwanza. Ng'ombe aliyetumbukia mtaroni hainuliwi kwa shingo, pembe wala mkia. Mkanda mmoja hupita nyuma ya miguu ya mbele, mwingine mbele ya kiwele, na wanaovuta huvuta kwa sauti moja. Kuku hukamatwa wakiwa wamelala. Kwenye hifadhi, ndama hutengwa kwa uzio wa fito, wagonjwa huwekwa upande ambao upepo unaelekea, na kila mwenyewe hufunga kitambaa chake shingoni mwa mnyama wake ili kusiwe na ugomvi baadaye.

Kisha nikawaonyesha njia yetu ya Tana: tafuta ng'ombe kiongozi, mtangulize, fungua lango, kaa pembeni. Tuliijaribu kwenye shamba moja. Kiongozi alitoka, na wengine wote wakamfuata hadi uwanja wa juu bila hata fimbo kuinuliwa.

"Aa, Mwalimu," akasema mama mmoja, "kumbe ni rahisi kama kufungua mfereji!"

Niliondoka Nyansiongo nikiwa na imani kubwa na njia hiyo.

Manga

Bodaboda ilinifikisha mahali barabara inapoisha. Hapo alikuwa ananingoja Onsongo, fundi wa kuchonga mawe na kiongozi wa kikundi cha uokoaji, mtu wa sauti nene ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya bonde.

"Bwakire buya, Mwalimu! Karibu kwetu. Viatu umeleta ama umeleta hizo?"

Nilikuwa nimevaa makubadhi. Alinitafutia gambuti, tukashuka kwa njia ya miguu. Mteremko wote umepangwa kama ngazi: migomba, chai, majani ya nepia, nyumba, tena migomba. Kila boma lina ng'ombe mmoja au wawili, na kila ng'ombe yuko ndani ya kibanda cha mbao, anakatiwa nepia na kuletewa. Kile kiwanja cha chini kabisa ndicho tulichokuwa tunakiendea.

Kilikuwa cha mjane mmoja wanayemwita Mama Kwamboka. Binti yake Kwamboka ameolewa mbali, na wanawe wa kiume wanafanya kazi Nairobi. Juu ya jiko lake, ng'ambo ya mstari wa migomba, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulivuka shamba zima kama mfereji mwembamba. Onsongo alipiga goti, akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko.

"Mvua iliyopita ilianza kama uzi," akasema. "Tulimwambia huyu mama apande juu kwa shemeji yake. Shemeji ametoa chumba, ametoa hata mahali ya kujenga kibanda cha ng'ombe. Alilala siku mbili, akarudi. Mvua ikakuja kubwa, tukashuka kumtoa. Tumembeba na yeye ameshika kamba ya ng'ombe, hataki kuachilia. Mvua ikaisha, akarudi tena. Vijana wangu wako na watoto, Mwalimu. Siku nyingine tutabaki huku wote."

Nikamwuliza mwenyewe kwa nini alirudi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mweusi na mweupe, mkubwa, msafi kuliko mimi.

"Niende, nani atakatia hii?" akasema. "Hii ng'ombe inaitwa Madam. Inaletewa chakula, inaletewa maji, inafagiliwa. Tangu ikuje ikiwa ndogo haijatoka kwa huo mlango. Nyinyi pandisheni Madam, nami nitapanda. Madam ikibaki, niko hapa."

Hapo kazi yangu yote ya safari ile ikawa wazi. Kila mtu wa mteremko ule alikuwa anangoja aone kama Madam atapanda. Akipanda, Mama Kwamboka atapanda, na vijana wa Onsongo hawatashuka tena chini ya ule ufa.

Mahali pa hifadhi palikuwapo. Juu, karibu na kanisa, kuna banda la zamani la kununulia majani ya chai, lisilotumika tena, lenye paa la mabati na sakafu ya saruji. Nililikagua, nikaridhika nalo. Nikawaambia walete ng'ombe wa jirani aliyezoea kutembea awe kiongozi, kama Nyansiongo. Tukamfungua Madam na kumvisha hatamu ya kamba. Kiongozi akatangulia. Madam alitoka, akasimama kwenye mwanga, akainua pua. Kisha akageuka. Hakukimbia. Aligeuka tu kama mtu aliyesahau kitu ndani, akampitia Onsongo kifuani, akaingia kibandani na kuzamisha kichwa ndani ya hori, lile sanduku la mbao la kulia.

Onsongo alijiinua kutoka kwenye nepia. "Imekataa mafunzo," akasema.

Tulijaribu tena. Tulijaribu kwa watu wengi zaidi, kwa kumfunika macho, kwa kumsukuma kwa mkanda nyuma ya mapaja. Kila alipopata nafasi alirudi. Ng'ombe wetu wa Tana akifunguliwa hukimbia hatari, kwa sababu maisha yake yako nje. Madam akifunguliwa alikimbilia chini ya ule ufa, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa pale. Na si yeye peke yake: tuliwajaribu ng'ombe wa maboma mengine, nao wakafanya hivyo hivyo. Mlima ukianguka, kufungua milango ya vibanda kusingesaidia kitu.

Mchana ule Mama Kwamboka alinipa jogoo na kisu. "Najua nyinyi mnataka kuchinja wenyewe," akasema. Nilitaka kumweleza habari ya nguruwe, akanikatiza: "Sisi Wasabato pia hatuli. Kaa chini." Alinipa ugali wa wimbi, nikala na jogoo yule na mboga za chinsaga zilizolazwa kwenye maziwa, uchungu wake ukiwa umepungua lakini haujaisha. Nilipoomba chai, akaniletea maziwa ya moto. Chai amezungukwa nayo pande zote, anaichuma kila wiki, na hajawahi kuionja. Kanisa lao wengine hawaitumii. "Sisi tunauza tu," akasema. "Kunywa ni kazi yenu."

Hori linapanda

Nilikaa kibandani nikimtazama Madam akila. Nilichokiona ni hiki: hakurudi kwenye paa, wala kwenye majani makavu ya kulalia. Mara zote alirudi kwenye hori. Basi asubuhi yake tulilichomoa hori, tukaliweka nje, hatua chache kutoka mlangoni, likiwa na nepia iliyokatwakatwa na pumba juu. Madam alipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Mwishowe akatoka, akala, akarudi ndani. Asubuhi iliyofuata hori lilikuwa kwenye migomba. Iliyofuata, juu ya migomba, ng'ambo ya ufa.

Watu wa maboma mengine wakafanya vivyo hivyo, kila mtu na hori au beseni lake, kila asubuhi mbali kidogo. Njia ile ya miguu ikawa ya vichekesho. Watoto waliokuwa wakienda shule waliwapisha ng'ombe na kuwaamkia. Madam alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya njia kupumua, na hakuna aliyeweza kumpita. Mama Kwamboka alikuwa akimsubiri bila kumharakisha. "Mama, sukuma huyo madam wako, tunachelewa!" wakapiga kelele wa nyuma. "Nyinyi mlianza kutembea mkiwa na mwaka mmoja," akawajibu. "Yeye ameanza juzi."

Alhamisi alifika bandani. Alikula huko juu, jioni akashuka kulala. Onsongo alimpigia saluti.

Jumamosi

Nilipopanga ratiba, niliiacha Ijumaa adhuhuri wazi ili nishuke Kisii kuswali. Zoezi kubwa nikaliweka Jumamosi: firimbi ipigwe, maboma yote yatoe wanyama, tuone banda linajaaje. Niliwatangazia, wakasema, "Sawa, Mwalimu." Nikarudia, wakasema sawa.

Ijumaa jioni nilipokuwa nikirudi kutoka kwa Swaleh, nilipishana na kina mama wenye mizigo mikubwa ya nepia kichwani, mikubwa kuliko ya siku zote, wakishuka nayo nyumbani kwao. Niliwasifu kwa bidii. Wakashukuru.

Jumamosi nilisimama bandani na firimbi yangu. Nikapuliza. Hakuna aliyetoka. Nikapuliza tena. Kutoka kanisani, karibu kabisa, nikasikia nyimbo, watu wengi, sauti zimepangika vizuri. Onsongo ndiye aliyekuja, peke yake, akitafuna muwa.

"Mwalimu, unaitia nani?"

"Zoezi ni leo."

"Leo ni Sabato. Hapa tuko Wakatoliki wachache, na wengine wamelala."

"Lakini niliwaambia Jumamosi, wakasema sawa!"

"Wewe ni mgeni," Onsongo akasema. "Mgeni anaambiwaje hapana?"

Nilikuwa nimeikumbuka Ijumaa yangu, nikaisahau Jumamosi yao. Hilo lingekuwa dogo, la kucheka na kupanga upya. Lakini tuliposhuka kwa Mama Kwamboka, tulimkuta Madam ndani ya kibanda, amelala, hori limerudishwa mahali pake pa zamani, na pembeni limesimama rundo la nepia la siku nzima. Kila boma lilikuwa hivyo. Ijumaa kwao ni siku ya maandalio: kabla jua halijazama, chakula cha mifugo cha Sabato kinakatwa na kuwekwa tayari pale ng'ombe alipo, ili kesho yake pasiwe na kazi. Kwa siku moja kila wiki, mteremko wote ulikuwa unamfundisha ng'ombe kinyume cha tulichomfundisha siku nyingine zote. Na siku hiyo hiyo ndiyo wenyewe hawapo nyumbani.

Jumapili niliomba kuonana na mzee wa kanisa, Mzee Nyakundi, mkulima wa chai mwenye maneno machache. Mama Kwamboka alikuwapo, na Onsongo, na kikundi chote. Nilieleza shida bila kuzunguka.

"Kuokoa ng'ombe siku ya Sabato hakuna mtu amekataza," akasema Mzee Nyakundi. "Iko kwa Biblia. Imetumbukia shimoni, unaitoa."

"Bado haijatumbukia, Mzee," nikasema. "Nataka itoke kabla."

"Hiyo sasa ni mazoezi. Mazoezi ni kazi."

Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, kwa Ekegusii, nami nikabaki nikitazama midomo. Onsongo alinitafsiria kidogo kidogo: mmoja anasema kumwongoza ng'ombe ni kazi, mwingine anasema kukamua pia ni kazi na kila mtu anakamua, wa tatu anasema ng'ombe si Msabato.

"Hii ya Mama Kwamboka ni Mkatoliki," Onsongo akaongeza kwa Kiswahili. "Inachelewa kuamka."

Hapo nikauliza: vipi ikiwa nepia ya maandalio itapelekwa Ijumaa, si nyumbani, bali bandani? Ng'ombe apande Ijumaa mchana, alale huko na chakula chake, akae Sabato nzima, ashuke jioni yake. Hakuna atakayemwongoza siku ya Sabato. Onsongo na Wakatoliki wake walinde.

Mzee Nyakundi alifikiri. "Wa kukamua atakamulia huko?"

"Huko huko. Banda liko karibu na kanisa."

"Basi hiyo si mazoezi," akasema. "Hiyo ni maandalio."

Aliyebaki kukataa alikuwa Mama Kwamboka. "Madam ilale kwa wageni?" akasema. "Na mimi nilale chini bila yeye?" Mwishowe alisema atajaribu Ijumaa moja, na kama maziwa yatapungua, tusije kwake tena.

Kenyenya

Sikuiona Ijumaa hiyo. Ratiba ilinitaka Kenyenya, upande wa pili wa Kisii. Nilipita Kisii mjini kurudisha koti la Swaleh, naye akakataa kulipokea, akisema mvua bado. Alisema kweli. Karibu na Kenyenya mto ulikuwa umepanda juu ya daraja, tukangoja kando pamoja na wachuuzi wa ndizi hadi maji yalipopungua. Mchuuzi mmoja aliniuzia ndizi za kuchoma kisha akanirudishia pesa aliposikia mimi ni mwalimu wa ng'ombe. Alitaka nimtazamie ng'ombe wake anayekohoa. Nilimweleza mimi si daktari. Akasema hata daktari wao husema hivyo hivyo. Nilimtazama ng'ombe.

Darasa la Kenyenya lilikuwa zuri, chini ya paa la soko. Safari hii nilianza kwa maswali: ng'ombe wenu wanakaa wapi, nani anawalisha, siku gani hampo nyumbani? Walishangaa mwalimu kuuliza badala ya kusema, lakini walijibu, na tukapanga kwa majibu yao.

Ijumaa jioni mvua ilianza, na Jumamosi haikuacha. Ilikuwa mvua nzito, ya moja kwa moja, na mawazo yangu yote yalikuwa Manga. Nilimpigia Onsongo, simu haikuingia. Alasiri ikalia yenyewe.

"Mwalimu! Mlima umekuja!"

"Mama Kwamboka yuko wapi?"

"Umekuja wote, na ile mi—"

Mtandao ukakatika. Nilijaribu hadi betri ikaisha. Mlinzi wa soko alinipa umeme wake, nikajaribu tena, nikapata kimya. Kesho yake asubuhi daraja lilikuwa chini ya maji tena, na ilinibidi kuzunguka njia ndefu, sehemu kwa bodaboda, sehemu kwa miguu.

Kurudi Manga

Kutoka pale barabara inapoisha niliona doa jekundu kwenye mteremko. Mstari wa migomba haukuwapo. Jiko halikuwapo. Kibanda cha Madam hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na udongo uliolegea na shina la mgomba limesimama kichwa chini. Nyumba ilikuwa imebaki upande mmoja, mlango wazi, udongo umeingia hadi dirishani.

Sikuona mtu. Nilipanda mbio kuelekea bandani, gambuti zikivutwa na tope.

Banda lilikuwa limejaa. Ng'ombe wa mteremko mzima, kila mmoja na kitambaa chake shingoni, ndama ndani ya uzio wa fito, kuku ndani ya matenga, mbwa wawili wamefungwa mbali kama nilivyoelekeza. Onsongo alikuwa akifagia. Mwishoni kabisa, mbele ya hori lake, alisimama Madam akitafuna. Na pembeni yake, juu ya kigoda, katika gauni lake la kanisani lililochafuka tope pindoni, Mama Kwamboka alikuwa anakamua.

Nilikaa chini kwenye saruji.

"Nani alikutoa?" nikauliza.

"Hakuna mtu alinitoa," akasema bila kuacha kukamua. "Jana asubuhi niliamka, nikaona mvua, nikasema leo kanisani siendi, nalala. Halafu nikakumbuka Madam iko huku na haijakamuliwa. Ningeiacha? Nikavaa gauni, nikasema nikishakamua nitapitia kanisani kwa vile niko karibu. Nimekamua, mvua ikazidi, nikakaa hapa na yeye. Halafu tukasikia." Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo. "Nyinyi mlinipandisha mara mbili, ya pili mkinibeba. Hii ng'ombe haikunibeba. Ilikuwa huku tu."

Onsongo aliniambia kwamba hakuna mtu wake aliyeshuka chini ya ufa siku ile, maana hakukuwa na wa kufuatwa. Watu wote wa maboma ya chini walikuwa kanisani au bandani. Kuku wachache walipotea, na paka wa mtu.

Nilibaki siku kadhaa tukipanga jinsi ya kuwatunza wanyama pale kwa muda mrefu: maji, zamu za kukata nepia kutoka mashamba yaliyosalia, mahali pa kutupa samadi. Maziwa ya Madam yalikuwa yamepungua kidogo, na Mama Kwamboka hakuacha kunikumbusha.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Sikumkuta bandani. Nilimkuta juu zaidi, kwenye kiwanja cha shemeji yake, mahali tupu palipotengwa kwa ajili yake tangu mvua ya kwanza, ambapo hakuwa amewahi kuweka hata jiwe. Yeye na Onsongo walikuwa wamebeba hori, mmoja kila upande. Wakalitua. Akalisogeza kidogo, akatazama upande wa mvua, akalisogeza tena.

"Nyumba itakuwa wapi?" nikamwuliza.

Akanyoosha mkono hatua chache kutoka kwenye hori. "Hapo," akasema, akashuka kumleta Madam.